Kebo Iliyofaulu Mtihani Usio Wake: Kisa cha Kiungo cha Faiba cha Kilomita 38.4

Majina ya miji, kampuni na watu nimeyaondoa. Namba zimekadiriwa hadi desimali moja au mbili. Naandika kwa ajili ya mafundi na wahandisi wanaopokea kebo kutoka kwa wakandarasi, na kwa mameneja wanaosaini malipo ya kebo hizo.

Usuli

Mtoa huduma mdogo wa intaneti katika mkoa mmoja wa bara, Tanzania, ana kiungo cha faiba kati ya mji wa mkoa, nitakaouita A, na makao makuu ya wilaya, nitakayoyaita B. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zianze kazi, mwaka 2009 na 2010, tumezoea kuhesabu uwezo wa intaneti unaofika pwani. Mgonjwa wa B hanufaiki na hesabu hiyo ikiwa picha yake ya eksirei inakwama kwenye kilomita 38 za mwisho. Ndiyo maana kiungo hiki kilinigusa kuliko ukubwa wake.

Kebo ina nyuzi 24 za aina ya G.652.D, aina ya kawaida kabisa. Sehemu yake imepita juu ya nguzo, sehemu imezikwa na kupitia kwenye chemba. Ililazwa kwa roli 10 za kilomita 4 hivi kila moja, kwa hiyo ilikuwa na maungio 9 njiani na mengine 2 kwenye ODF (kabati za kuunganishia faiba) za A na B. Mwaka wa pili greda la barabara liliikata, ikaungwa kwa kipande cha mita 300. Hapo maungio yakawa 13.

Kwa miaka mitatu nyuzi 1 na 2 zilibeba gigabiti 1 kwa sekunde kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310, bila malalamiko yoyote. Wateja wakaongezeka: hospitali ya wilaya, halmashauri, benki, shule, na nyumba nyingi. Jioni kiungo kilikuwa kinajaa pomoni. Tukaamua kupanda hadi gigabiti 10 kwa nyuzi 5 na 6, kwa moduli (vifaa vya swichi vinavyotuma na kupokea mwanga) za aina ya ER za nanomita 1550, ambazo kiwango chake kilitengenezwa kwa kilomita 40.

Ripoti niliyoisaini

Ripoti ya makabidhiano ilikuwa na kurasa 24, ukurasa mmoja kwa kila uzi, na kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa OTDR na alama ya kijani ya kufaulu. OTDR hutuma mapigo ya mwanga ndani ya uzi, kisha husikiliza ule mwanga hafifu unaotawanyika na kurudi. Muda wa kurudi huipa umbali, na kiasi kinachorudi huipa upotevu. Uzi namba 5 ulisomeka kilomita 38.6, upotevu dB 13.7 (dB, yaani desibeli, ni kipimo cha mwanga unaopotea), kikomo dB 15.5. Saini ya kuipokea ripoti ile ni yangu.

Nilipoirudia miaka mitatu baadaye, niliona kwamba kila uzi ulipimwa kwa 1310 peke yake, na kutoka upande wa A peke yake. OTDR ilichomekwa moja kwa moja kwenye ODF bila kebo ya kutangulia, tena kwa pigo la maikrosekunde 10, ambalo kwenye mchoro wa OTDR hufunika kama kilomita 1 ya faiba. Kwa hiyo konekta ya kwanza na kilomita nzima ya mwanzo zilikuwa ndani ya eneo kipofu, ambamo mashine haioni kitu, na konekta ya mwisho haikupimwa kabisa. Hata hivyo kikomo cha dB 15.5 kilihesabiwa pamoja na konekta zote mbili, nusu dB kila moja. Kipimo kisicho na konekta kilikuwa kimelinganishwa na kikomo chenye konekta.

Kielezo cha mwanga kwenye mashine, namba inayoiambia kasi ya mwanga ndani ya uzi, kilikuwa 1.4600, wakati lebo ya roli ilisema 1.4677. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila kwenye kilomita 38 inazaa kosa la kama mita 200. Mita 200 zinatosha kumpeleka fundi kwenye chemba isiyo na tatizo, akachimba na kufukua bure huku wateja wanasubiri.

Usiku wa kuwasha

Tuliwasha usiku wa Jumamosi. Moduli ya A ilitoa dBm -1.6 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga), jambo la kawaida, maana kiwango kinaruhusu kushuka hadi -4.7. Upande wa B tulipokea dBm -15.6. Taa zikawa za kijani, trafiki ikapita, watu wakapongezana.

Hakuna aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa palepale. Kikomo cha unyeti wa kipokezi cha ER ni dBm -15.8. Tulikuwa juu ya ukingo kwa dB 0.2 tu. Kesho yake mchana makosa ya fremu (vifurushi vya data) yalianza kuhesabiwa kwa maelfu, kiungo kikawa kinakatika na kurudi, na kabla ya jioni tukawarudisha wateja kwenye gigabiti 1.

Siku mbili za kubahatisha

Tulibadilisha moduli, tukabadilisha tena. Tukahamisha pechi kodi (nyaya fupi za faiba za kuunganishia), tukahamia mlango mwingine wa swichi. Kila mara tulichomeka bila kuangalia uso wa konekta kwa darubini. Siku hizo mbili sijivunii nazo, kwa sababu kila badiliko lilikuwa dhana bila kipimo.

Bosi akaleta pendekezo la maana. "Injinia, si tununue moduli za kilomita 80, yaishe?"

"Zitawaka, bosi," nikamjibu. "Ila kuna dB 4 zimepotea na hatujui ziko wapi. Tukizifunika leo, zitakuja kutudai."

Sikumjibu kwa kubisha tu. Mpango wa miaka inayofuata ulikuwa kupitisha rangi kadhaa za mwanga kwenye uzi mmoja, kuanzia 1530 hadi 1565. Kama upotevu ule ni wa aina inayoongezeka kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, moduli zenye nguvu zingetununulia miezi tu. Vilevile kurudi kwenye 1310 kwa gigabiti 10 hakukuwezekana: moduli za kawaida za LR ni za kilomita 10.

Nikampigia pia msimamizi wa mafundi wa mkandarasi.

"Injinia, kebo ile ilipita. Ripoti unayo wewe mwenyewe."

"Ilipita kwa 1310, kaka. Kwa 1550 mliipima?"

"Mkataba haukutaja 1550."

Nikaufungua mkataba. Ulisema nyuzi "zipimwe kwa OTDR", basi. Alikuwa na haki.

Uamuzi: kuanza na hesabu, kisha mashine

Kabla ya kwenda popote tuliandika bajeti ya mwanga ya 1550. Faiba kilomita 38.4 kwa dB 0.20 kwa kilomita ni 7.7. Maungio 13 kwa 0.1 ni 1.3. Konekta mbili kwa 0.5 ni 1.0. Jumla dB 10.0. Kiwango cha ER kinaruhusu kiungo kipoteze hadi dB 10.9. Kiungo kizima kingetosha, ila kwa nafasi ndogo, wala hakina pa kuficha uzembe.

Kisha tukapima upotevu wa jumla kwa chanzo cha mwanga upande mmoja na kipima nguvu upande wa pili. Rejea, yaani kipimo cha kuanzia, tuliiweka kwa pechi kodi moja, na baada ya hapo hatukuichomoa tena kwenye chanzo, kwa sababu ukiichomoa rejea imekufa na namba zote zinazofuata ni za kubuni. Jibu likawa dB 14.0. Hesabu ikakubaliana na kipokezi: -1.6 ukitoa 14.0 ni -15.6, palepale. Moduli hazikuwa na kosa hata moja.

Ndipo tukatoa OTDR. Tuliweka kebo ya kutangulia ya kilomita 1 upande wa A na nyingine kama hiyo upande wa B, ili konekta za mwanzo na mwisho zionekane. Tulipima kwa 1310, 1550 na 1625, kutoka A kwenda B na kutoka B kwenda A, kwa pigo la maikrosekunde 1 na wastani wa dakika tatu. Karibu na ncha tulirudia kwa pigo la nanosekunde 100, ambalo kwenye mchoro ni kama mita 10 za faiba. Kabla ya kila pigo fundi wa upande wa pili alithibitisha kwa simu kwamba moduli imechomolewa, maana mapigo ya OTDR yanaweza kuua kipokezi.

Mashine ya kupima PMD (tofauti ya muda kati ya sehemu mbili za mwanga zinazosafiri pamoja) hatukuikodi, na uamuzi huo niliutolea hesabu pia. Kikomo cha G.652.D ni pikosekunde 0.20 kwa kipeuo cha pili cha kilomita. Kwa kilomita 38.4 hiyo ni kama pikosekunde 1.2, wakati gigabiti 10 huvumilia kama 10. Mtawanyiko wa rangi nao, yaani pigo kutanuka kwa sababu rangi husafiri kwa kasi tofauti, kwa pikosekunde 17 kwa nanomita kwa kilomita, unafika kama 650, na ER imejengwa kuubeba hadi kilomita 40. Fedha ya kukodi mashine tukaipeleka kwenye mafuta ya gari na kazi ya kufungua kloja, yale makopo yanayofunika maungio.

Tulichokikuta

Namba hizi ni upotevu kwa dB, wastani wa pande mbili, kwa uzi namba 5, nje ya maungio ya kawaida:

| Mahali | 1310 | 1550 | 1625 |
|---|---|---|---|
| Kloja 5, kilomita 21.7 | 0.15 | 2.3 | 4.9 |
| Kloja 8, kilomita 33.0 | 0.10 | 1.6 | 3.4 |
| Ungio la kwanza la kipande cha greda | 0.26 | 0.26 | 0.27 |
| Konekta ya ODF, mji B | 1.4 | 1.4 | 1.4 |

Isome jedwali hii kwa kulala, siyo kwa kusimama. Mistari miwili ya juu inapanda kwa kasi jinsi wimbi linavyorefuka, na miwili ya chini imetulia. Uzi wa faiba hauubani mwanga wote ndani ya kiini chake. Sehemu ya mwanga husafiri nje kidogo ya kiini, na kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo sehemu hiyo inavyotanuka. Ukiupinda uzi kupita kiasi, ile sehemu ya nje inashindwa kufuata kona na inavuja. Kwa hiyo 1310 inapita kwenye mkunjo karibu bila kujeruhiwa, 1550 inavuja, na 1625 inavuja sana. Ungio baya au uchafu hauchagui rangi kiasi hicho. Namba mbili za mahali pamoja, kwa rangi mbili, zinakwambia uchukue mashine ya kuungia au ukafungue trei (sahani ya kupangia nyuzi ndani ya kloja) tu. Sijui kipimo kingine cha bei ndogo namna hii kinachotoa jibu kubwa namna hii, na ripoti yetu ya kwanza ilikikosa.

Kipande cha greda kilikuwa na somo lake. Kutoka A, ungio la kwanza lilionyesha *faida* ya dB 0.31, kana kwamba mwanga umeongezeka njiani. Kutoka B, ungio lilelile lilionyesha hasara ya 0.83. Hakuna ungio linalozalisha mwanga. Nyuzi mbili tofauti hutawanya mwanga kurudi nyuma kwa viwango tofauti, na OTDR, ambayo inasikia mwanga unaorudi tu, inadanganyika: upande mmoja kwa kuongeza, upande wa pili kwa kupunguza, kiasi kilekile. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 0.26, ambayo ndiyo hasara ya kweli. Ungio la pili, mita 300 mbele, lilisomeka hasara 0.62 kutoka A na faida 0.50 kutoka B, wastani 0.06. Tulipokwenda kuangalia ganda la kebo, kipande kilikuwa na chapa ya G.655, aina nyingine ya faiba, mabaki ya mradi mwingine. Usiku ule wa greda kila mtu alitaka huduma irudi, na hakuna aliyesoma ganda.

Konekta ya B ilikuwa imepoteza kofia ya vumbi. Chini ya darubini uso wake ulikuwa na utando wa mafuta na chembe katikati kabisa, pale mwanga unapopita. Sehemu ya uchafu ule huenda tulihamisha sisi wenyewe katika zile siku mbili.

Kufungua na kutengeneza

Konekta ilisafishwa kwa kalamu kavu ya kusafishia, ikaangaliwa tena, ikapimwa: kutoka 1.4 hadi 0.3. Dakika tano.

Kilomita 21.7 za OTDR siyo kilomita 21.7 za barabara. Njia nzima kwa gari ni kilomita 36.9. Zinazobaki ni akiba zilizokunjwa kwenye nguzo na chemba, pamoja na uzi kuwa mrefu kidogo kuliko ganda lake. Jedwali letu la kloja lilikuwa na namba za nguzo, bila kilomita za mwanga. Kwa hiyo tulifungua kloja tuliyoidhania, mimi nikabaki A na OTDR ikipima mfululizo, na fundi akaupinda uzi namba 5 taratibu kuzunguka kalamu. Kwenye kioo changu mteremko ule ule ukaongezeka mahali palepale. "Hapo hapo," nikamwambia, "usiguse kingine."

Ndani ya kloja 5 nyuzi zilikuwa zimebanwa na mfuniko wa trei, na kamba ya plastiki imekazwa juu yake. Kwenye kloja 8 nyuzi zilibaki fupi baada ya maungio kurudiwa, zikazungushwa kwenye duara la nusukipenyo cha kama milimita 12 badala ya 30 za trei. Kloja 5 tulipanga upya bila kukata chochote. Kloja 8 ilibidi tuvute akiba kutoka kwenye nguzo ya jirani, tukate na kuunga upya nyuzi 5 na 6. Ungio baya la greda tulilirudia, likashuka hadi 0.07. Kipande cha G.655 tulikiacha, kwa sababu hatukuwa na G.652.D stoo na kwa mita 300 hakiharibu mtawanyiko. Tukakiandika kwenye kumbukumbu za kiungo.

Matokeo

Upotevu wa jumla kwa 1550 ulitoka dB 14.0 hadi 8.8. Kipokezi cha B kikasoma dBm -10.4. Hapo kikabakiwa na zaidi ya dB 5 juu ya ukingo.

Kisha tukapima uwezo wenyewe, kwa sababu dB nzuri peke yake haimhudumii mteja. Tulipitisha trafiki ya majaribio kwa kiwango cha upimaji cha Y.1564, fremu ndogo na kubwa zikichanganywa, kwa saa 24. Kiwango cha gigabiti 10 kinaruhusu kosa 1 kwa kila biti trilioni 1, maana yake kama kosa 1 kila sekunde 100. Tulipata 0. Wateja wakahamishwa Jumanne usiku. Wiki ileile mtaalamu wa mionzi wa hospitali alituandikia kwamba picha zinaondoka kabla hajafunga dirisha la programu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuandika bajeti kabla ya kugusa mashine. Bila ile dB 10.0 kwenye karatasi, dB 14.0 ingekuwa namba tu, na pendekezo la moduli za kilomita 80 lingeshinda, kwa sababu lilikuwa rahisi na lingeonekana limefaulu. Kukataa kuficha upotevu kulitugharimu siku nne za kazi ya nje. Naamini zilikuwa siku za bei nafuu.

Kilichoshindwa kilianza miaka mitatu nyuma. Kasoro za kloja 5 na 8 zilikuwepo siku ya makabidhiano. Nimezihesabu: kwa 1550 kiungo kingesomeka kama dB 12.6 dhidi ya kikomo cha 9.8 cha wakati ule. Kingeshindwa waziwazi, mkandarasi angali na mafundi na magari barabarani, na matengenezo yangefanyika kwa gharama yake. Kebo ilipimwa kwa huduma ya siku ile, wakati faiba huwekwa ardhini kwa miaka ishirini na zaidi. Mkandarasi alitimiza alichoandikiwa. Aliyeandika vibaya ni sisi, na aliyepokea bila kusoma vielezo vya mashine ni mimi.

Kosa langu la pili ni kuchomeka konekta bila darubini. Ukaguzi wa uso wa konekta una kiwango chake, IEC 61300-3-35, na darubini tulikuwa nayo ndani ya begi siku zote mbili. Kama tungeanza hapo, usiku ule kipokezi kingesoma -14.5, kiungo kingetulia kwa muda, na pengine tusingegundua mikunjo hadi kipindi cha rangi nyingi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu linaonyesha kuwa usafi unaweza kukupa kiungo kinachowaka bila kukupa kiungo ulichokipima.

Kifungu kipya cha mikataba yetu sasa kinataka kila uzi upimwe kwa 1310, 1550 na 1625, kutoka pande zote mbili, kwa kebo za kutangulia na kupokea, kielezo kikiwa cha lebo ya roli. Mkandarasi alete mafaili yenyewe ya OTDR, siyo picha zilizochapishwa, pamoja na upotevu wa jumla, picha za nyuso za konekta, na jedwali la kloja lenye kilomita za mwanga.

Nyuzi 7 hadi 24 tumekwisha kuzipima kwa utaratibu huo. Nne kati yake bado zina mkunjo kwenye kloja 8, kwa sababu kuziunga upya kunahitaji akiba ambayo nguzo ile haina tena. Kwenye jedwali la ODF zimeandikwa kwa wino mwekundu: 1310 peke yake.